Forester ya turbo inachemsha mlimani tu: nifungue injini?

Mhariri,

Nawasalimu nyote, hasa nyinyi mafundi mnaojibu barua za wasomaji. Naomba ushauri kuhusu Subaru Forester Cross Sports ya mwaka 2005, injini ya EJ205 ya lita mbili yenye turbo (pangaboi linaloisukumia injini hewa zaidi), gia otomatiki. Gari hili halichemshi popote ila likipanda mlima huku turbo ikifanya kazi. Kwenye foleni ya Waiyaki Way, jua la saa nane, kiyoyozi kimewashwa, mshale wa joto hautikisiki. Lakini Jumapili jioni ninaporudi Nairobi kutoka Naivasha, nikishaipita Mai Mahiu na kuanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru, mshale unaanza kunyanyuka. Nikilegeza mafuta na kukaa nyuma ya lori, unateremka wenyewe baada ya muda mfupi. Nikikanyaga tena nilipite lile lori, unapanda tena.

Gari nililinunua mwaka jana kwa mtu aliyekuwa mmiliki wake wa tatu hapa nchini. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Forester yoyote ya 2005 unayokutana nayo barabarani leo imekuwa Kenya kwa zaidi ya miaka kumi, na imepita gereji nyingi zisizoacha hata karatasi. Nililijua hilo, ndiyo maana nilikwenda kuliona asubuhi na mapema injini ikiwa baridi, nikiwa na fundi ninayemwamini. Tulisikiliza beringi za chini, tukatazama moshi, tukafungua kifuniko cha oili. Injini ilikuwa safi. Kitu kimoja tu hakikuwa na ushahidi: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Injini hii mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni na hapo hakuna cha kuokoa, kwa hiyo niliupeleka ubadilishwe mara moja pamoja na roli zake na pampu ya maji.

Kuchemsha kulianza baada ya kazi hiyo. Sisemi gereji ile iliharibu, nasema tu mambo yalivyofuatana.

Fundi wa kwanza niliyemwona alisema turbo imekufa. Ni kweli wakati huo gari lilikuwa pia halivuti, likitoa moshi mweusi na mlio kama wa filimbi kila nilipokanyaga. Akataka ninunue turbo nyingine. Fundi wa pili aliishika turbo kwa mkono, akaona ekseli yake haichezi wala haina oili, akaifungua intakula, ile rejeta ya kupoza upepo wa turbo iliyo juu ya injini. Chini yake hozi ya mpira ilikuwa imepasuka mahali usipoweza kupaona hadi uitoe intakula yenyewe. Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kidole, na ukingo wake ulikuwa umeng'aa kwa oili. Upepo ambao kompyuta ilikwisha kuuhesabu ulikuwa unavujia hapo, petroli inazidi, ndiyo moshi mweusi. Tulibadilisha hozi kwa bei ndogo na nguvu zikarudi siku hiyo hiyo. Nimelitaja hili kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa anunue turbo: aanze na mahozi.

Nguvu zilirudi, ila joto halikuondoka. Huyo fundi wa pili ndiye aliyegundua kuwa themostati, ile valvu inayofunguka maji yakishapata moto, haimo kabisa, imetolewa. Mafundi wengi hapa kwetu huitoa wakiamini nchi yenye joto haiihitaji. Kwenye injini hii themostati inakaa upande wa chini, maji yanakoingilia pampu, na ndiyo inayosimamia maji yanayotoka kwenye rejeta. Tukaweka ya asili, tukamwaga maji matupu yenye kutu na kuweka kulanti. Tukakagua pia vifuniko viwili, kile cha rejeta na kile cha tenki dogo lililo juu ya injini, kwa sababu havifanani na mtu akivibadilisha nafasi mfumo wote unavurugika. Vilikuwa vimebadilishwa nafasi. Tukavirudisha mahali pake.

Hali imekuwa nafuu, lakini mlima wa Mai Mahiu bado unalishinda. Na sasa kuna dalili mbili zinazoninyima usingizi. Baada ya kupanda, chupa ya maji ya akiba inakuwa imejaa kupita alama, na gari likipoa maji hayarudi yote. Asubuhi yake, kabla sijawasha, hozi ya juu ya rejeta ni ngumu ukiifinya, ilhali injini imelala usiku kucha. Fundi wa tatu aliposikia hivyo hakutaka hata kufungua boneti. Alisema gasketi za silinda hedi, zile zinazoziba kati ya hedi na bloku ya injini, zimekwisha, gesi ya moto inaingia kwenye maji, injini ishushwe.

Huenda yuko sahihi. Lakini vipimo havimuungi mkono moja kwa moja. Tulipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, hapa Nairobi: 125, 122, 126 na 120 psi. Yeye alizisoma akasema injini imechoka yote. Mimi naona tofauti kati ya silinda ni ndogo, na tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Namba hizo zingepimwa pwani zingekaribia 150. Tulipima pia kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moto. Ilibaki buluu. Tatizo ni kwamba tulipima injini ikiwa imesimama inanguruma taratibu, turbo haisukumi chochote. Kama gasketi inaachia pale tu shinikizo linapokuwa kubwa, kipimo cha namna hiyo kitaionaje?

Upande mwingine kuna ile pampu mpya, ambayo si ya asili, na sijui panga zake zina umbo gani. Kuna rejeta ambayo sijui umri wake. Kuna hewa iliyonaswa ndani, jambo ambalo injini hizi za kulala zinajulikana nalo maji yakijazwa kwa haraka. Kila mojawapo inaweza kuleta joto mlimani. Ila hozi ngumu asubuhi, je, inaweza kuelezwa na kitu kingine zaidi ya gasketi?

Petroli naweka ya oktani 95 kila ninapoipata, kwa sababu injini hii ilipangwa kwa petroli ya juu ya Japani na ya kawaida hapa ni 93.

Gharama ndiyo inayonifanya niandike. Kushusha injini, kusawazisha hedi na kuweka gasketi za chuma nimeambiwa laki moja na nusu. Injini iliyotumika kutoka Japani, laki mbili na nusu bila dhamana ya maana, nami sijui nayo ilichemshwa mara ngapi kabla ya kukatwa. Pia kuna kijana wa jirani yangu anayelitaka gari lilivyo. Amekua akisimuliwa Safari Rally, ushindi wa dereva Colin McRae na Subaru Impreza mwaka 1997 na wa Richard Burns mwaka 2000, na akiusikia mngurumo wa gari hili uso wake wote unabadilika. Pesa zake ni za miaka ya kuweka akiba. Siwezi kumuuzia injini ninayoishuku, hata nikimweleza, kwa sababu najua hatasikia.

Kwa hiyo nauliza. Ile dawa ya buluu nirudie kupima mara tu nikifika Limuru, injini ingali moto? Kipimo cha kujaza upepo kwenye silinda moja moja huku tukitazama tenki la maji kitasema zaidi? Au nianze na pampu ya asili na rejeta, ambazo zitahitajika hata injini ikishushwa? Ningependa hasa kusikia kutoka kwa aliyewahi kufungua EJ205 yenye kompresheni nzuri na hozi ngumu asubuhi, aniambie alikuta nini ndani.

Wenu,
Msomaji, Naivasha