Mwanangu, mgonjwa wako atakuwa macho

Mwanangu mpendwa,

Dada amenipigia jana usiku. Anasema umemaliza utarajali na unataka kwenda Moshi, hospitali ya KCMC, kusomea ubingwa wa macho, na baba zako wadogo wanauliza: miaka 5 ya udaktari, halafu ukaishie kwenye kiungo kidogo vile, wakati moyo upo? Naandika hadharani ili na wao wasome.

Mimi nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho miaka 22. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kushika mkono wa mgonjwa chini ya shuka la kijani. Mtu mzima anayetolewa mtoto wa jicho kwa kawaida hachomwi sindano ya usingizi, hutiwa ganzi jichoni tu. Yuko macho na anasikia. Nilikuwa namwambia, ukitaka kukohoa, nibane vidole kwanza, daktari atoe vifaa vyake.

Mikono watakufundisha. Utashona macho ya mbuzi wa machinjioni kwa uzi mwembamba kuliko unywele, mguu ukiongoza hadubini. Utatoa lenzi ya jicho iliyofanya ukungu, ndiyo huo mtoto wa jicho, na kuuacha utando wake wa nyuma mzima, maana hapo ndipo lenzi ya plastiki hukaa. Ya kwanza aliiweka daktari wa macho Harold Ridley, London, mwaka 1949, na wakubwa wa fani yake wakampinga miaka mingi. Kwa hiyo maneno ya nyumbani yasikutishe. Na huo utando wa nyuma ya lenzi ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara.

Mdomo ndio nina hofu nao. Kuna siku daktari mwanafunzi, kijana hodari kabisa, aliuchana utando, ute wa ndani ya jicho ukaanza kutoka, akatamka kwa sauti: "Mungu wangu!" Mzee niliyemshika alinibana mpaka pete ikaniumiza. "Binti, nimepofuka?" Bingwa akashika kazi, akasafisha, akaweka lenzi, na baada ya wiki kadhaa mzee akaona vizuri. Jicho la pili alikataa katakata. Tulimfuata kwake mara tatu, akawa anajibu neno moja: "Nilisikia."

Basi anza sasa kuzoea kusema kwa upole kila unachofanya: sasa utasikia maji, sasa nakubonyeza kidogo. Likiharibika jambo, mwite mkubwa wako kwa sauti ileile.

Nimekununulia blanketi zito. Moshi mwezi wa Julai kuna baridi.

Mama yako mdogo