Mhariri, kabureta inasingiziwa, pimeni presha kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu lile jibu mlilompa msomaji mwenye hot rod ya Ford ya zamani, yule aliyelalamika kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini) inaovaflo, petroli inachuruzika mpaka kwenye manifodi (njia za kupeleka mchanganyiko huo kwenye silinda) na akishazima gari ikiwa ya moto haiwaki tena. Mtaalamu wenu kamjibu kwa mistari miwili tu, kabureta imechoka nunua nyingine. Mie nakataa. Atanunua nyingine na hiyo nyingine nayo itamwaga, maana tatizo la namna hii mara nyingi halipo ndani ya kabureta, lipo kwenye kile kinachoisukumia mafuta.

Kwa wasiozijua, hizi hot rod ni mambo ya Marekani, California hasa, vijana kabla ya vita kuu ya pili walikuwa wanachukua Ford za bei ya chini wanazivua madigadi na kila kizito, wanaichokonoa injini halafu wanakwenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka kama kule Muroc. Ford alipotoa V8 yake (injini ya silinda nane) mwaka 1932 ndo mchezo ukanoga. Na kabureta iliyopendwa kuliko zote kwenye injini ile ni Stromberg 97, ilianza kufungwa kiwandani mwaka 1936, hiyo 97 imechorwa ubavuni kwa namba kubwa na maana yake ni koo lake jembamba, yaani njia ya hewa, lina upana wa inchi 0.97. Ni kabureta nzuri sana ila ina tabia moja, haipendi kusukumwa.

Sa tuelewane hapa kwanza. Ndani ya bakuli la kabureta kuna floti (kiboya), mafuta yakipanda floti inapanda nayo, inasukuma nido (kisindano) kwenye siti yake, tundu la kuingizia mafuta, na mlango unafungwa, ni kama tangi la choo tu. Nguvu ya kufunga huo mlango inatoka kwenye floti kuelea, basi, hakuna spring wala mkono wa mtu. Upande wa pili wa nido kuna pampu inasukuma. Pampu ikiwa na nguvu kuliko floti nido inanyanyuliwa, mafuta yanaingia tu, bakuli linajaa kupita kiasi, yanapanda mpaka kwenye nozeli (kitundu cha kutolea petroli) na kumwagikia kooni. Hapo kabureta inaweza kuwa mpya kabisa na bado ikamwaga, na ukiifungua utakuta kila kitu kizima, unabaki kujikuna kichwa.

Stromberg 97 inataka presha ya psi 2.5 hivi (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), ukigusa 3 umefika mwisho wake. Ile pampu ya zamani ya kusukumwa na kemu ya injini (shafti yenye vinundu inayozunguka ndani) ilikuwa inatosheka hapo. Ila watu sikuhizi wanafunga pampu ya umeme maana inajaza bakuli haraka gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa, na pampu nyingi za umeme zinatoa psi 4 mpaka 7, hizo ni za kabureta nyingine kabisa, kabureta ya Holley ya makoo manne inazimudu psi 6 bila shida lakini 97 hapana. Na hata aliyenunua pampu mpya ya kemu asijione yupo salama, presha ya pampu ile inatokana na spring iliyo chini ya diaframu (utando unaosukuma mafuta), baadhi ya pampu mpya spring yake ni ngumu kuliko ile ya asili na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwahiyo kitu cha kwanza sio spana, ni geji. Unaifunga kati ya pampu na kabureta, unawasha, unaacha injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta maana hapo ndo presha inakuwa juu kuliko wakati wowote mwingine, injini inakula kidogo na pampu inasukuma vilevile. Ukiona 5 kwenye 97 ushapata jibu, weka regulata (kifaa cha kupunguza presha). Na zile regulata za kuzungusha kitufe chenye namba, usiamini namba zilizoandikwa juu, amini geji, maana nyingine unaweka 2 inatoa 4 na nyingine zinapandisha presha polepole ukizima. Hilo la mwisho linasumbua sana, unapima asubuhi iko sawa, jioni petroli iko chini ya gari.

Haya, tuseme presha iko sawa na bado inamwaga. Hapo sasa unaweza kuanza kuishuku kabureta, ila bado usifungue. Toa eya klina (kichujio cha hewa), zima injini, chungulia kooni na tochi (tochi jamani, sio kiberiti, nasema hivi kwasababu nawajua watu). Angalia nozeli. Ikiwa inadondosha palepale baada ya kuzima, basi ni nido au usawa wa floti. Ikiwa imekaa kimya kabisa, halafu baada ya dakika kadhaa injini ikiwa ya moto ndo inaanza kutoa mapovu na kudondosha, hiyo ni joto, petroli inachemka ndani ya bakuli na kujisukuma yenyewe nje. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani, na yule msomaji wenu aliandika wazi kwamba gari inagoma ikiwa ya moto tu, hicho kidokezo mtaalamu wenu kakiruka kama hakukiona.

Kama ni joto, kabureta utabadilisha mpaka uchoke. Petroli ya sasa imetengenezwa kwa ajili ya magari ya injekta ambako inakaa ndani ya paipu zenye presha kubwa kwahiyo haichemki ovyo, ila kwenye bakuli lililo wazi juu ya injini ya chuma iliyotoka kukimbia inachemka upesi kuliko petroli ya zamani, na ikichanganywa na ethanoli (aina ya pombe) ndo zaidi. Weka spesa isiyopitisha joto kati ya kabureta na manifodi, sogeza paipu ya mafuta iwe mbali na ekzosi, angalia kama kuna sehemu paipu imelala juu ya hedi. Wengine wanafungua bonneti wakishapaki, hot rod nyingi hata bonneti hazina kwahiyo hilo limeshatatuliwa.

Kama ni nido, hapo ndo panapotaka macho. Itoe uishike kwenye mwanga, kwenye ncha yake ukiona kijipete kinachong'aa kilichochimbika mpaka kucha inakwama ukiipitisha, hiyo imekwisha, badilisha pamoja na siti yake, usibadilishe kimoja. Lakini mara nyingi sana utakuta nido haijachoka, imebanwa na uchafu. Na uchafu wenyewe sio lazima uwe kutu ya tangi, ingawa tangi la gari la miaka hiyo kutu haikosi. Kuna mtu amefunga nati za paipu kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, kauzi kamoja kembamba ka tepu kamekatika kakasafiri na mafuta mpaka kwenye siti, kamelala pale, nido haifungi tena. Nati za mafuta za mdomo uliopanuliwa hazihitaji tepu kabisa, zinaziba chuma kwa chuma. Kingine ni mpira mpya wa mafuta, ukiusukuma kwa nguvu kwenye paipu ile kingo inachuna vipande vidogo vya mpira ndani, na vyenyewe vinakwenda kulekule. Ndo maana filta inawekwa baada ya pampu karibu na kabureta, sio nyuma kwenye tangi peke yake. Ukigonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi na mafuta yakaacha kumwagika, ni uchafu huo, lakini usifurahi, bado upo humohumo ndani.

Floti nayo usiisahau. Za zamani ni za shaba zimeungwa kwa risasi, zikitoboka zinaingia petroli na kuzama. Itikise sikioni, ukisikia maji maji ndani imetoboka. Kama husikii kitu itumbukize kwenye maji ya moto, hewa ya ndani inatanuka na kitobo kitatoa mapovu. Ila kuna wanaokimbilia kuiunga na moto petroli ikiwa bado ndani, hicho ni kibomu mkononi, kama huna uhakika imekauka kabisa nunua floti mpya.

Usawa wa mafuta kwenye 97 ni inchi 15/32 kutoka ukingo wa juu wa bakuli, bila gasketi, ukizidi au kupungua 1/32 hakuna tabu. Hapa kuna jambo ambalo hot rod inatofautiana na gari la kawaida na ndo maana nimeudhika na jibu la mistari miwili. Hizi gari zinakaa zimeinamisha pua, mbele imeshushwa na nyuma kuna matairi makubwa, sasa kabureta uliyoipima ikiwa bapa mezani ukiifunga kwenye gari inalala mshazari na usawa wote unabadilika. Bakuli likiwa juu kuliko nozeli litamwaga hata kama vipimo vyako ni sahihi, Holley ya makoo manne yenye bakuli mbele na nyuma lile la nyuma ndo litakuangusha. Kwahiyo pima tena kabureta ikiwa imefungwa na gari limesimama kwenye magurudumu yake, na kama manifodi yenyewe imelala kuna bamba la mshazari la kuweka chini ya kabureta ili ikae sawa.

Na waliofunga kabureta mbili au tatu kwenye manifodi moja, zipimeni zote. Pale zinapofungwa tatu mara nyingi ya katikati ndo inafanya kazi kila siku na zile za pembeni zinafunguka ukikanyaga mpaka chini, sasa hizo za pembeni petroli inakaa humo wiki na wiki inageuka gundi, nido inanasa, halafu watu wanahangaika na ya katikati kwasababu ndo wanayoijua.

Skrubu za mchanganyiko jamani ziacheni. Hazihusiani kabisa na kumwaga, zinahusu mafuta ya injini ikiwa haijakanyagwa. Zina faida moja tu hapa, zifunge zote mpaka mwisho taratibu bila kukaza, injini ikiendelea kuunguruma ujue kuna mafuta yanapita njia nyingine isiyo halali.

Jambo moja ambalo gazeti lingepaswa kulisema mapema kabla ya yote. Injini ikishalowa petroli msipampu mafuta, kila ukipampu kuna kipampu ndani ya kabureta kinarusha petroli zaidi. Fungueni choki (kile kimlango cha hewa juu ya kabureta), kanyageni mpaka chini mkae hapohapo, ndo mpige stata. Na stata ikigoma kuzungusha kama vile injini imekwama, acheni palepale, huenda silinda imejaa petroli na petroli haishindiliki, mtapinda konekting rodi (chuma kinachoshika pistoni). Halafu nuseni kijiti cha oili. Kikinuka petroli au oili imepanda kuliko kawaida, mwageni oili yote, hiyo haitelezeshi tena kitu na beringi zitalia. Na pampu ya umeme iwekewe swichi ya presha ya oili ili injini ikizimika na yenyewe izimike, vinginevyo gari likigonga pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi ya moto.

Kwahiyo naomba mumwambie yule msomaji asinunue kitu kwanza. Apime presha, achungulie kooni mara tu akizima na achungulie tena baadae kidogo, halafu awaandikie tena namba alizopata na aseme amefunga pampu gani na kabureta ngapi, maana kwenye barua yake mliyoichapa hakusema na mtaalamu wenu hakumuuliza.

Msomaji wenu wa siku zote