Mteja wa kila siku naye ana wajibu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wateja wetu wa mchana, wale wanaokula kibanda kilekile kila siku, na vilevile na mama lishe wenzangu.

Raha ya mteja wa kudumu inajulikana. Akifika haulizi bei wala haulizi kuna mboga gani. Mwenye presha anapewa maharage yaliyochotwa pembeni kabla ya kutiwa chumvi. Mpenda ukoko anawekewa wake. Anayechelewa anakuta sahani yake imefunikwa kwa sahani nyingine, imekaa juu ya sufuria la mchuzi isipoe. Siku akiwa hana kitu anakula, jina linaandikwa. Wengi wanadhani huo ni ukarimu tu. Ukarimu upo, lakini kinachobeba yote hayo ni hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi kuvurugika.

Kilo moja ya mchele inatoa sahani 6 au 7 za kumshibisha mtu wa kazi. Mwenye wateja 40 wa uhakika anaosha kilo 6, anaongeza moja au mbili za wapita njia. Maharage yamelowekwa tangu usiku, saa 12 asubuhi yako jikoni. Wali hupikwa kwa sufuria mbili, na la pili hubandikwa baada ya saa 4 ili watu wa saa 7 wakute wa moto. Sasa wateja 10 wasipotokea bila taarifa, wali wa kilo moja na nusu unabaki. Huo si wa kuweka kesho. Wali uliojaa sufuria hupoa polepole, na kwa joto la Dar es Salaam unachacha kabla ya asubuhi. Sumu ikishaingia, hata ukiupasha moto upya haitoki. Unaishia kwa kuku. Kwa hiyo ukijua huji, tuma ujumbe kabla ya saa 4. “Leo sipo” inatosha. Na ukija na wageni wanne, sema mapema pia, la sivyo utakuwa umekula sahani ya mwenzio wa kila siku.

Kwenye daftari ndiko kwenye ugomvi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hata yenye daftari hupotea likiandikwa ovyo. Ukiandika “Baba Juma, wali samaki” na kijiweni wapo kina Baba Juma watatu, mwisho wa mwezi hakuna anayekubali. Andika jina, kazi au kituo chake, tarehe, alichokula na bei ya siku hiyo, maana samaki wa Jumatatu si bei ya samaki wa Ijumaa. Kisha mwoneshe palepale kabla hajanawa mikono. Kumsomea deni la wiki tatu kwa mkupuo ni kumtafutia sababu ya kubisha, hata kama ni mkweli.

Na deni liwe na kikomo. Sahani ya shilingi 2,000 kwa siku 6 ni 12,000 kwa wiki, 48,000 kwa wiki nne. Watu 10 wa namna hiyo wanashikilia 480,000, na kwa vibanda vingi huo ndio mtaji wote, kuanzia mchele na mafuta mpaka mkaa. Dereva wa bodaboda anapata fedha kila siku, kwa nini umwandike mwezi mzima? Huyo alipe kila jioni au kila Jumamosi. Wa mshahara ndiye wa mwezi.

Kikomo kinamlinda hata mteja mwenyewe. Deni likimzidi anaanza kuona aibu, anakata kona, anakwenda kula kibanda cha pili kwa fedha taslimu. Umepoteza deni na umepoteza mteja, naye amepoteza mahali alipozoeleka. Ukiona mtu wako hapiti tena, mpigie umwambie aje ale, alipe nusu. Mara nyingi anarudi. Na wewe mteja, ukikwama sema. Mama lishe anaweza kusubiri wiki moja ukimwambia. Usipomwambia, kesho anakwenda sokoni akitegemea fedha ambayo haipo.

Malipo ya simu yamerahisisha mambo, ila kioo cha simu ya mteja si risiti. Angalia salio lako mwenyewe, hata kwa mteja wa miaka mingi, maana mtandao ukisumbua muamala unaweza kugoma huku yeye akiamini umepita. Namba za wateja ziandikwe kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Oktoba 2021 wafanyabiashara wa kandokando ya barabara jijini walihamishwa, na likitokea tena, mteja asiyejua umehamia wapi hana pa kukulipia hata akitaka.

Jambo la mwisho ni benchi. Kati ya saa 6:30 na saa 8 kila nafasi ni sahani. Tunapenda mazungumzo yenu ya Simba na Yanga, kweli, lakini ukimaliza kula saa 7 kamili na watu wamesimama na sahani mkononi, inuka. Baada ya saa 8 benchi ni lako mpaka tuoshe masufuria. Na anayekwenda likizo mkoani, deni lilipwe kabla ya kukata tiketi ya basi.

Mama lishe,
Temeke, Dar es Salaam