Salfa, pumu na pampu ya bluu

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika huku Tandahimba, unga wa salfa unatua kila mahali: kwenye majani, kwenye kola ya shati, hadi kwenye beseni la maji ya kunawa. Sisi wenye pumu kifua hutuambia kabla ya macho. Naomba nafasi niseme neno juu ya pampu ya bluu, ile ya salbutamoli, maana nimeitumia vibaya na najua siko peke yangu.

Dawa ile haihitaji kuingia ndani ya seli za misuli ya njia ya hewa. Ni mgeni wa barazani: anabisha hodi tu, na kazi inafanywa na aliyemo ndani, kimeng'enya kiitwacho adenili saiklezi. Kikishtuliwa, kinachukua ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na kuigeuza kuwa AMP ya mzunguko, mjumbe anayeiambia misuli ilegee. Kimoja tu kinatoa wajumbe wengi mno, ndiyo maana mipulizo miwili hulegeza misuli na hewa ikapita. Mmarekani Earl Sutherland, aliyemgundua mjumbe huyu wa ndani ya seli akichunguza adrenalini inavyofanya kazi kwenye ini, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikuwa navuta pampu hiyo hata mara nane kwa siku. Nafuu ikawa fupi, nikaongeza. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifungua macho: ukibisha hodi mfululizo, seli huanza kuondoa milango yake, na kimeng'enya ndani hakipati habari. Tena, misuli kulegea si uvimbe wa njia ya hewa kuisha. Uvimbe unataka steroidi ya kuvuta, na inavutwa kila siku kama ulivyoandikiwa, hata kifua kikiwa chepesi (hapo ndipo wengi tunapoiacha). Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe pumu kwa salbutamoli peke yake.

Duka la dawa la jirani yangu lina ya bluu tu. Ile ya steroidi naifuata Mtwara mjini.

Ombi langu kwako, Mhariri: makala za pumu huja Mei, Siku ya Pumu Duniani, kisha kimya. Zirudieni Juni, mabomba ya salfa yanapotolewa stoo.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara