Dula, injini ya mzee haijafa mpaka ipimwe

Dula mdogo wangu,

Meseji yako ya kuomba hela ya injini nyingine ya gari la mzee nimeiona, na ile ya pili pia, na ya baba mdogo aliyoandika utadhani mimi ndo nimeiharibu hiyo gari. Shikamoo zangu Mama na baba mdogo ziwafikie. Mi mzima, kazi ipo, baridi ipo, tuyaache hayo. Hela ya injini nzima situmi kwa sasa, na kabla hujanuna soma mpaka mwisho.

Kwanza sio hela inayoniuma. Fundi kasema injini imekufa na hajafungua hata bolti moja, kasimama pale mbele ya boneti akasikiliza akatikisa kichwa, na siku hiyohiyo baba mdogo tayari ana mtu wa skrepa anataka kuja na breakdown. Mbona mambo yamepangika vizuri hivyo? Tangu tumzike mzee hiyo gari inamkera baba mdogo kukaa pale, wote mnajua, ila akiulizwa atakwambia anamhurumia Mama. Afu mnasema kaka kabadilika kasahau kwao. Sawa.

Ile rekodi yako ya mlio wa injini nimeisikiliza kwa hedifoni kwenye basi, kwenda na kurudi. Nyuma Mama anasikika anafoka "zimeni hilo ligari jamani", kile kipande nimekirudisha mara nyingi kuliko mlio wenyewe wa injini, usimwambie.

Sasa mlio. Kelele za injini usiseme tu "inagonga", sema inagonga wapi na saa ngapi. Ya juu kwenye valvu huwa nyepesi, tik tik tik, na inakwenda taratibu maana kamshafti, shafti inayofungua valvu, inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni, hiyo mara nyingi ni klirensi ya valvu, yaani uwazi mdogo unaoachwa pale juu, imeachia au oili haipandi juu, mtu anaseti tapeti maisha yanaendelea. Ikiwa ni nyiii ya asubuhi kwenye unyevu hiyo ni mkanda, mwagia maji kidogo ukiwa mbali na feni, mlio ukikata au ukibadilika ghafla umeshajua tatizo liko wapi. Ikilia kra kra pale tu unapowasha afu inanyamaza baada ya sekunde chache angalia cheni ya taiming, ile inayozungusha kamshafti, na tenshena inayoikaza. Yako sio hizo. Yako ni nzito, ya chini, du du du, inafuata resi, na ndo maana fundi kakimbilia metali za konrodi, zile beringi za mkono unaounganisha pistoni na kranki. Inaweza kuwa kweli, sikuapii. Lakini hiyo gari ni auto, na ile sahani ya chuma inayounganisha kranki na giaboksi ikipata ufa au bolti zake zikilegea inagonga hivyohivyo kabisa, mafundi wazima wanashusha injini nzuri kwa sababu yake. Na kwenye rekodi yako, pale ulipotia gia ya D mlio ulibadilika. Nimesikia. Hapo ndo nikasimama kwenye basi watu wakanishangaa.

Kwahiyo fanya hivi. Chomoa dipstiki kwanza, oili ikiwa chini ya alama ongeza kabla ya kitu chochote, maana najua hakuna aliyeangalia, na msingoje taa ya oili, ile inawaka presha ikiwa imeshashuka sana. Afu fundi mwingine, sio huyo, afunge geji ya presha ya oili pale penye swichi yake, injini ikiwa ya moto. Mafundi wengi huhesabu presha ya kama psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, sio sheria ya kila gari ila inakupa picha. Injini iwe kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, achomoe waya wa injekta (zinazopuliza mafuta kwenye silinda) moja moja, asichezee waya wa plagi kwa mkono mtupu atapigwa shoti. Akichomoa wa silinda moja na mlio wa kugonga ukapungua wazi, basi ni konrodi ya silinda hiyo na nitakuwa mpole. Usipobadilika kwa silinda yoyote, zima gari, afungue kifuniko cha chini kati ya injini na giaboksi, ajaribu zile bolti kwa spana na amulike sahani yote kwa tochi akiizungusha kranki kwa mkono.

Na oili ikimwagwa ipitishwe kwenye kitambaa cheupe. Unga unaometameta mwingi ni habari mbaya. Asije akakudanganya na sumaku, uso wa metali za beringi nyingi ni aluminiamu au shaba na risasi, unga wake sumaku haiushiki.

Hata ikiwa ni konrodi bado sio injini nzima. Kranki ikiwa haijachubuka sana inachongwa, inafungwa metali ya saizi ya milimita 0.25 ya kufidia kilichochongwa, mzee mwenyewe angekwambia.

Unajua kwa nini nasema kwa kujiamini? Gari yangu ya huku ni kuukuu, karibu umri wako. Gereji moja wakanipa karatasi imeandikwa vizuri na muhuri juu kwamba nitafute injini nyingine. Nikaichukua, nikalala chini kwenye sakafu na bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma mpini sikioni, kumbe bolti ya manifoldi ya eksozi imekatika! Asubuhi gesi inavuja tak tak tak, chuma kikipata moto kinatanuka kinajiziba, kimya. Sasa hivi kazini mtu akisikia mlio ananiita mimi kwanza, hata bosi wangu kaniletea gari lake, akaondoka anacheka. Mzee angekuwepo ningempigia simu siku ileile, na angesema tu "umeanza kusikia eh" afu akate.

Hela ya geji, oili na kazi ya fundi natuma ijumaa nikilipwa, kwa jina la Mama, sio lako wala la baba mdogo. Nirekodie tena: simu karibu na sampu, karai la oili chini ya injini, ikiwa ya baridi, afu ikiwa ya moto, afu mtu akanyage breki kwa nguvu matairi yamewekewa mawe utie D urudishe P. Usiongee wakati unarekodi. Zaidi ya hapo isiwashwe hata kwa kuchaji simu, konrodi ikikatika inatoboa bloku na hapo baba mdogo atakuwa ameshinda.

Funguo mpe Mama alale nazo. Mtu wa skrepa akija, mwambie kadi ya gari iko kwangu.

Kaka yako