Mama, kiporo cha huku kina kimchi

Daejeon, Korea Kusini

Mama shikamoo, na nyote hapo Ngamiani, Tanga, assalaam aleykum. Natumai hamjambo na bibi mguu wake umepata nafuu. Mi mzima alhamdulillah, baridi ndo inaanza kuachia, wiki iliyopita theluji bado ilikuwa imerundikana pembeni ya barabara, saa hii yamebaki maji tu.

Mama, ile siku kwenye simu uliniuliza unakula nini huko mwanangu, nikajibu wali, simu ikakatika, na najua roho yako haikutulia. Sasa nakujibu vizuri, maana kweli nakula wali ila wali wenyewe una habari yake.

Unaitwa kimchi bokkeumbap. Bokkeum ni kukaanga, bap ni wali, na kimchi ndo ile kabichi nyekundu niliyowatumia picha dada akasema kama achali. Hajakosea sana, ila hii haitiwi siki, ugwadu wake unakuja wenyewe kwa kukaa. Wanachukua kabichi ya huku, sio chainizi yetu ile ya sokoni, hii imejifunga kichwa lakini imerefuka, wanaipasua wanailaza kwenye chumvi usiku kucha mpaka inalegea, wanaiosha, halafu jani kwa jani wanapaka pilipili ya unga iliyochanganywa na kitunguu thaumu kingi, tangawizi, figili na uduvi waliolala kwenye chumvi siku nyingi. Uduvi mama! Siku ya kwanza kufunua lile kopo nilisimama kimya, harufu ilinipeleka moja kwa moja kule pwani kwetu Deep Sea asubuhi ngalawa zinaingia.

Hiyo kazi ya kutengeneza kimchi nyingi kwa pamoja wanaiita kimjang, wanaifanya mwezi wa 11 kuingia wa 12 kabla baridi haijakaza. Zamani ndo ilikuwa mboga yao ya kuvukia msimu wa baridi maana ardhi ikiganda hakioti kitu, wakaifukia ardhini kwenye mitungi, siku hizi watu wana friji ya kimchi peke yake. UNESCO wameiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2013, na mi nikiangalia naona walichoandika si chakula, ni ule mkusanyiko wenyewe, majirani na wakwe na watoto wamekaa chini mikono myekundu mpaka kwenye kiwiko, wakimaliza kila mtu anaondoka na fungu lake. Kama siku ya kupika shughuli kwetu. Bibi mwenye nyumba ninapokaa, namwita halmoni maana yake bibi, alinigongea mlango mwezi wa 11 akanipa glovu, hakuuliza kama naweza, akanionyesha tu sehemu ya kukaa. Jioni akanipa makopo matatu. Mi si mwanawe wala mjukuu wake.

Sasa kimchi ikiwa mpya unaila hivyohivyo na wali. Ikikaa miezi inachachuka kwelikweli, mdomo unajikunja, na hapo ndo inafaa kukaangwa. Mwanzoni nilikosea, nilitumia kimchi ya wiki moja na wali wa moto kutoka kwenye sufuria ya umeme, na mchele wa huku ni mfupi, unashikana, basi ikawa kama bokoboko na ladha haina mbele wala nyuma. Halmoni akaonja, akaenda kwenye friji yake akarudi na kimchi ya mwaka juzi na bakuli la wali wa jana uliokauka. Wali wa jana mama! Kiporo! Miaka yote unatukaangia kiporo asubuhi na kitunguu kabla ya shule, kumbe huku nako ndo hivyohivyo, chakula kilichobaki kinakutana na mboga iliyopitiliza, kinatoka kitu ambacho watu wanakiagiza hotelini.

Hotelini siwezi kula kwa raha maana mara nyingi wanatia nguruwe au nyama ya kopo, na ile pilipili yao ya kupaka, gochujang, nyingi za dukani zina jujeong ambayo ni spiriti ya pombe ya kuhifadhia. Hilo neno nimejifunza kulisoma kabla sijajua kuomba maji kwa Kikorea. Ndo maana napika mwenyewe, natia samaki wa kopo, tuna, na gochujang siigusi, pilipili ya kwenye kimchi inatosha.

Ninavyofanya ni hivi. Kimchi kama bakuli moja naikata ndogondogo kwa mkasi humohumo ndani ya kopo, wenyewe ndo wanavyofanya, mkasi jikoni kama kisu. Mafuta kidogo kwenye kikaango, majani ya kitunguu kwanza mpaka yanukie, halafu kimchi na nusu kijiko cha sukari kupunguza ule ukali, na hapa usiwe na haraka kabisa, acha ikaangike mpaka maji yaishe, majani yawe kama yana kioo na mafuta yageuke rangi ya machungwa. Wengi wanaharibu hapa, wanamwaga wali mapema. Tuna ikishaingia ndo wali, unaupondaponda na mgongo wa mwiko mpaka hakuna punje nyeupe, unaongeza vijiko viwili vitatu vya yale maji mekundu ya kimchi. Chumvi sitii, kimchi inayo yake. Moto ukizimwa ndo tone la mafuta ya ufuta, yai la kukaanga kiini kibichi juu, na mwani mkavu nauvunjavunja kwa vidole. Mwani wanakula hawa, sio kama ule wa Paje, Zanzibar, unaokaushwa na kuuzwa nje.

Ila kabla ya kuzima kuna kitu, naulaza wali wote chini, naukandamiza, siugusi kama dakika mbili hivi, nasikia unalia taratibu chini kule, kisha nakwangua. Ukoko. Wenyewe wanauita nurungji na wanaupenda kama sisi tulivyokuwa tunagombania chungu. Mdogo wangu, ule wako wote nakula mimi saa hii.

Dada ukitaka kujaribu tumia kabichi ya Lushoto ya kawaida, hata huku kuna kimchi ya kabichi duara. Pilipili mbuzi achana nayo, chukua pilipili ndefu nyekundu iliyokauka, utoe mbegu, usage isilainike sana, huku wanataka rangi na utamu kuliko moto. Kwa joto la Tanga usiiache nje siku nyingi, siku moja tu inatosha, mbili ukitaka ugwadu zaidi, kisha friji, na kopo usilijaze mpaka juu maana inaumuka na kutoa maji. Kiporo cha mchele wa Kyela kitatoka kizuri kuliko changu, punje zake zinaachana.

Mama nakuomba kitu kimoja. Kopo la mwisho la halmoni limeisha jana na bado liko kwangu, nimelisafisha. Huku nako chombo cha jirani hakirudi kitupu, na siwezi kumrudishia kimchi yake mwenyewe. Hiliki nimepata duka la Wapakistani, nazi ya kopo ipo. Niandikie vipimo vya maandazi yako, unga kilo moja hamira kiasi gani, na tui unatia la moto au vuguvugu, maana nilikuwa nakuangalia tu sikuwahi kuuliza. Jumamosi nataka nimgongee mlango.

Mwanao