Barua kwa mwanangu anayekwenda kuimba baa

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba baa moja ya Nairobi imekupa kazi ya kuimba muziki wa kantri siku nne kwa wiki, na furaha niliyo nayo siwezi kuimaliza kwa kalamu. Kilichoninyima usingizi ni lile jambo ulilolitaja kwa kupitia tu, kwamba sehemu ya malipo yako itakuwa vinywaji. Mama, dai fedha taslimu. Ungeniuliza kabla ya kutia saini, lakini hukuniuliza, na hilo limeniuma.

Wewe unaimba nyimbo za George Jones, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, tena vizuri kuliko yeyote niliyemsikia hapa Njoro. Ule wimbo wake wa mwaka 1980 unaopenda kumalizia nao, mistari michache anayoisema bila kuiimba ilimtesa sana studioni, kwa sababu pombe ilikuwa imemfanya ulimi mzito. Mwaka wa 1979 alikosa maonyesho 54, watu wameshakata tiketi na kuketi wakimngoja, mpaka wakambandika jina la Jones Asiyetokea. Mtu aliyeanza utotoni kwa kuimbia sarafu katika mitaa ya Beaumont, Texas, akapanda hadi kuwa sauti inayoheshimiwa kuliko zote katika muziki huo, alikuja kuacha pombe baada ya gari lake kugonga daraja mwezi wa Machi 1999, akiwa na miaka 67. Sitaki nawe ungoje daraja.

Baba yake Jones alikuwa akirudi usiku amelewa, anamwamsha mtoto aimbe, na akikataa anapigwa. Mimi sikukupiga. Hata hivyo wageni wangu wa Jumamosi walikuwa wanywaji, nawe ulikuwa na miaka minane, na mama yako alinikataza zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ninajua ni nani aliyekuzoesha kuimba mbele ya chupa.

Jikoni tumeezeka mabati mapya, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Gitaa langu nimelitia nyuzi mpya, nitalipakia kwenye matatu ya Jumamosi pamoja na sweta aliyokufumia mama yako, maana utakuwa ukitoka kazini usiku wa manane na baridi ya Julai unaijua. Zungumza na mwenye baa kuhusu hayo malipo, unijibu kabla ya Jumamosi.

Ni mimi baba yako.